Nyumba ya zamani, mafundi watatu, bei tatu: uchague ipi?

Maramba na vijiji vinavyoizunguka bado kuna nyumba nyingi walizojenga wazee, na watu wanaishi humo. Zipo za miti na udongo zilizopigwa lipu ya saruji kwa juu, zipo za tofali za kuchoma, na zipo zilizoanza na makuti zikaja kuvishwa bati baadaye. Mavuno yakiwa mazuri, au mtoto aliyeko Tanga mjini au Dar es Salaam akituma chochote, jambo la kwanza kuzungumzwa ni kukarabati nyumba. Anaitwa fundi. Anazunguka mara moja, anatazama juu, anatazama chini, anasema: "Mzee, milioni tatu nakukabidhi nyumba mpya." Anaitwa wa pili, anasema milioni moja na nusu. Mwenye nyumba anabaki kujiuliza nani kati yao anamdanganya.

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Kila mmoja ametaja bei ya kazi tofauti. Wa kwanza amehesabu kenchi mpya, wa pili anataka kupigilia bati jipya kwenye mbao zilezile. Wa kwanza ameingiza saidia fundi na mchanga hadi mlangoni, wa pili anajua hayo utayatoa wewe, ila hakukwambia kwa sababu hukumuuliza. Ukizilinganisha bei hizo mbili hivyo zilivyo, unalinganisha gunia la mahindi na debe la maharage.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kazi inaanza kabla fundi hajafika. Chukua daftari, zunguka nyumba yako mwenyewe. Chukua na bisibisi au msumari mrefu, uchome boriti na mbao za paa, hasa zile zinazokaa juu ya ukuta. Ikizama bila nguvu, mchwa au unyevu umeshafanya kazi yake, na mbao hiyo haistahili kubeba bati jipya. Tazama nyufa. Ufa mwembamba kama unywele juu ya lipu si jambo la kukunyima usingizi. Ufa unaopitisha kidole, unaoanzia kona ya dirisha na kushuka hadi chini, unakwambia msingi umecheza. Tazama pia ukuta unapokutana na ardhi: palipoliwa na maji ya mvua pataliwa tena, hata ukipaka rangi ya bei gani.

Baada ya hapo andika unachotaka kifanyike, chumba kwa chumba. Mafundi wote watatu wasomewe orodha hiyohiyo, kila mmoja kwa siku yake. Wakija pamoja, wa kwanza akitaja bei wengine wataifuata, wataishusha au kuipandisha kidogo tu.

Omba makadirio yaliyoandikwa, na yagawanywe sehemu mbili: vifaa upande mmoja, ufundi upande mwingine. Kwenye vifaa usikubali neno "bati" peke yake. Ni bati ngapi, za urefu gani, za geji ngapi? Hapa watu wengi huumia. Kwenye geji, namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Fundi aliyeandika geji 32 lazima atakuwa na bei ndogo, na lazima bati lake litapiga kelele upepo ukija na kubonyea mtu akipanda juu. Uliza pia misumari ya bati, kofia na papi, maana vitu hivi vidogo ndivyo husahauliwa kwenye karatasi, vikaja kudaiwa wiki ya pili.

Kwenye saruji uliza mchanganyiko. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Fundi akisema lipu yake ni moja kwa sita, mfuko mmoja unakwenda na mchanga wa kama ndoo 10 au 11 za lita 20. Ukiona siku ya kazi zinamwagwa ndoo 18, unajua mifuko iliyobaki ina safari nyingine. Saruji yenyewe inatengenezwa hapahapa mkoani, Pongwe, lakini duka la Maramba linauza pamoja na nauli. Kwa mifuko mitano au kumi, kuifuata mjini kwa gari la kukodi hakukuokolei kitu. Kwa mzigo mkubwa piga simu maduka mawili, ufanye hesabu. Na usiinunue miezi kabla ya kazi, maana itagandia kwenye mfuko.

Tuseme neno kuhusu nyumba za udongo. Fundi wengi watakuandikia lipu ya saruji kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Ukuta wa udongo unavuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji ngumu, unyevu unabaki ndani, lipu inaachana na ukuta na kudondoka vipande vipande. Nani hajaiona hiyo? Lipu ya chokaa ni laini zaidi na inaacha ukuta upumue. Wazee wa pwani hii waliijua: magofu ya Tongoni, kusini ya Tanga mjini, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita, na kuta nyingine zimesimama hadi leo. Muulize kila fundi kama amewahi kufanya kazi ya chokaa, na bei yake ikoje. Kwa maoni yetu, kwa nyumba ya miti na udongo ambayo mifupa yake bado mizima, swali hilo linakuonyesha anayeijua nyumba ya aina hiyo kuliko swali lolote la bei.

Sasa turudi kwa wale mafundi wawili, kwa tarakimu za mfano tu, si bei za soko. Wa kwanza ametaja 3,000,000, kila kitu ndani. Wa pili ametaja 1,500,000. Ukimuuliza wa pili yale ambayo hayamo, unakuta saidia fundi wawili kwa siku 12, kila mmoja 15,000 kwa siku: hiyo ni 360,000. Mchanga na usafiri wake 250,000. Mbao za kenchi, kwa kuwa za zamani zimeliwa, 600,000. Jumlisha, unapata 2,710,000. Ile tofauti ya milioni moja na nusu imebaki 290,000. Na kama wa kwanza ameandika geji 28 na wa pili geji 30, huenda wa kwanza ndiye nafuu.

Nyumba ya zamani ina jambo lake jingine: hakuna anayejua kilichomo ndani ya ukuta mpaka lipu ibanduliwe. Fundi mkweli atakwambia hivyo. Kwa sehemu hiyo mpatane bei ya kipimo, kwa mfano shilingi kadhaa kwa kila mita ya msingi itakayorekebishwa, na asiongeze mita bila kukuita uone. Kama hukai kijijini, akutumie picha kwanza. Ujumbe wa simu na ule wa malipo usiufute.

Kuhusu kupunguziwa, omba, ndiyo desturi yetu. Ila muulize anapunguza wapi. Akipunguza ufundi wake, hiyo ni hiari yake. Akipunguza nusu ya bei bila kugusa orodha, jua mifuko ya saruji ndiyo itakayolipia.

Cheti cha VETA ni kitu kizuri, na VETA huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini. Sisi tungeomba pia kupelekwa kwenye nyumba aliyoitengeneza masika mawili yaliyopita, tukaongee na mama mwenye nyumba fundi akiwa hayupo. Huyo ndiye anayejua panapovuja.

Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na sheria, tatizo ni kuyathibitisha mkishagombana. Andikeni karatasi moja, nakala mbili, mashahidi wawili, mkitaka mbele ya mtendaji wa kijiji. Lipeni kwa hatua: paa likikamilika, kuta zikikamilika, na kiasi kibakie mpaka mvua kubwa moja inyeshe mkague. Vifaa nunua mwenyewe, udai risiti. Na iandikwe bati na mbao za zamani ni za nani. Mafundi wengi huzihesabu kuwa zao, wakati kwako zingetosha banda la kuku na choo.

Mwisho ni kalenda. Bei uliyopewa Januari haitakungoja hadi Juni, na paa lisifunguliwe Machi masika ikiwa mlangoni. Muulize fundi bei yake inadumu hadi tarehe gani, uiandike pembeni ya jina lake.