Tusiandike Neno Lisilo na Sanadi

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huenda methali hiyo inafaa barazani, ambako habari hufika kabla ya wenyewe. Katika kitabu cha maarifa haifai hata kidogo. Tunalisema hili leo kwa sababu kipo kitabu kimoja cha maarifa ambacho kinasomwa dunia nzima, na ambacho sisi wenyewe wa Unguja na Pemba tumepewa kalamu ya kukiandika.

Kitabu hicho ni Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwezi wa Januari 2001, na ambayo tawi lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Hakiuzwi, wala hakina mtungaji mmoja. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuufungua ukurasa, akaongeza, akapunguza au akasahihisha. Wenye shaka huuliza: kitu kinachoandikwa na kila mtu kitaaminiwa vipi? Jibu ni kwamba msomaji hatakiwi kumwamini mwandishi ambaye hata jina lake halijui. Anatakiwa kuonyeshwa chanzo. Kila jambo linaloweza kubishwa yapasa lifuatwe na nambari ndogo, na chini ya ukurasa, penye nambari hiyo, yaandikwe marejeo: mtungaji, jina la kitabu au gazeti, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Mzigo wa kuthibitisha u juu ya aliyeandika, si juu ya anayetilia shaka. Neno lisilo na marejeo linaweza kufutwa na yeyote, na likiwa linamsema vibaya mtu aliye hai, lapasa kufutwa papo hapo.

Kwa watu wa visiwa hivi kanuni hiyo si ngeni. Waliokaa mbele ya masheikh wanajua kwamba hadithi ya Mtume (S.A.W.) haipokewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Huulizwa sanadi yake: nani kaipokea kwa nani, naye kwa nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani katika ukweli na hifadhi yake. Mnyororo ukikatika, hadithi hudhoofika. Anayeandika katika kamusi elezo hatakiwi kufanya zaidi ya hayo, ila tu sanadi yake ni maandishi yaliyochapishwa.

Lakini si kila kilichochapishwa hufaa. Chanzo cha kutegemewa ni kile kilichopita mikononi mwa watu wenye kazi ya kukagua, wasio na maslahi katika jambo linaloelezwa. Tutoe mfano. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani yamo maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, ingawa jengo lenyewe lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18. Mwenyeji wa Kizimkazi ameyaona maandishi hayo tangu utotoni. Hata hivyo, akiandika katika kamusi elezo kwamba yeye kayaona, hajampa msomaji wa mbali njia ya kuhakikisha. Lakini akimtaja mtaalamu S. Flury, aliyeyachambua maandishi hayo katika jarida la Royal Asiatic Society mwaka 1922, mtu yeyote popote alipo anaweza kulitafuta jarida hilo na kujisomea.

Pengine vyanzo vyenyewe hupingana. Vita vya tarehe 27 Agosti 1896, baina ya Waingereza na Sayyid Khalid bin Barghash, hutajwa ulimwenguni kuwa vita vifupi kupita vyote. Wako waandishi wanaosema vilichukua dakika 38, na wako wanaosema 40 au 45, kwa kutegemea saa wanayoihesabu kuwa ya mwanzo na ya mwisho. Mhariri mwaminifu hachagui idadi inayompendeza, wala hazichanganyi zote akatoa wastani wake. Huandika kwamba fulani amesema hivi na fulani amesema vile, kisha akamwachia msomaji. Ikiwa dakika zinataka uangalifu huo, sembuse yale mambo mazito ya historia yetu ambayo hadi leo huwatia watu uchungu?

Hatari ya kuupuuza uangalifu huo si ndogo. Mwezi wa Februari 2009, Ujerumani ilipokuwa ikimpata waziri mpya wa uchumi, Karl-Theodor zu Guttenberg, mtu mmoja aliongeza kwa mzaha jina la "Wilhelm" katika orodha ndefu ya majina ya waziri huyo kwenye Wikipedia. Magazeti makubwa ya nchi hiyo yakalinakili bila ya kuuliza. Wahariri wa kamusi elezo walipotaka ushahidi, wakaonyeshwa magazeti yale yale! Uongo ukawa umejizalia shahidi wake. Kisa hicho ni funzo kwa wanaoandika mtandaoni, na ni funzo kwetu pia sisi wa magazeti. Siku hizi kina uzito zaidi, kwa kuwa programu za akili mnemba, ambazo vijana wetu huziuliza maswali ya skuli, zimefundishwa kwa sehemu kutokana na kurasa hizo hizo, na zenyewe pengine hubuni vitabu visivyokuwapo na kuvitaja kama marejeo.

Tunajua kwamba watakuwapo watakaotuambia kuwa elimu yetu kubwa haimo vitabuni. Nahodha anayezijua nyota na mikondo ya bahari, fundi wa jahazi, bibi anayejua dawa za miti na asili ya majina ya mitaa, hao hawakuchapisha kitu. Hoja hii ni ya haki, na imekwisha kuzungumzwa na wanakamusi wenyewe. Mwaka 2011 lilifanywa jaribio India na Afrika Kusini la kurikodi sauti za watu na kuzitumia kuwa marejeo. Hata hivyo, dawa yake si kuilegeza kanuni. Dawa ni wazee wetu kurikodiwa wangali hai, maneno yao yaandikwe kwa jina, mahali na tarehe, yahifadhiwe katika Nyaraka za Taifa kule Kilimani, na wataalamu wa vyuo vikuu vyetu wayachambue na kuyachapisha. Hapo ndipo kijana wa Micheweni atakapokuwa na cha kukitaja.

Hapa ndipo neno letu linapowaelekea watumishi wa Serikali. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Idadi hizo zinaweza kutajwa kwa yakini kwa sababu zilitangazwa na kuchapishwa. Lakini ripoti inayofungiwa kabatini, isiyo na tarehe wala jina la ofisi iliyoitoa, haimsaidii mwananchi, na pengo lake hujazwa na uvumi au na mgeni aliyetutembelea wiki moja. Tunaziomba wizara na mabaraza ya wilaya yaziweke ripoti zao mtandaoni, zikiwa na mwaka na nambari za kurasa, na yasizihamishe ovyo, maana anwani ikibadilika marejeo hufa. Pia tunawanasihi watumishi wasizihariri kurasa za ofisi zao wenyewe kwa kuzipamba. Mwenye kujisifu si shahidi wa sifa zake.

Kwa walimu na wanafunzi, wito wetu ni mwepisi. Asiyekuwa na kitabu asiandike, akitafute kwanza. Ukurasa mmoja mfupi juu ya kijiji chake, wenye marejeo matatu ya kweli, una thamani kuliko kurasa kumi za kusikia. Miaka hamsini ijayo wajukuu wetu watauliza visiwa hivi vilikuwaje, na wataulizia humo humo mtandaoni. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba jibu watakalolikuta lina sanadi.