Mwanafunzi Mlangoni pa Maabara

Wengi wanaoingia chuo kikuu kusoma sayansi hudhani ya kuwa utafiti ni kazi ya waliokwisha kuvishwa joho la uzamivu, na kwamba wao wa shahada ya kwanza wajibu wao ni kusikiliza mihadhara, kunakili, kufanya mtihani na kungojea zamu yao. Dhana hii ina sababu zake, wala siwalaumu walio nayo, kwa maana majaribio ya mwaka wa kwanza ni yale ambayo majibu yake yalijulikana tangu zama za babu zao. Na mwanafunzi anayepima nguvu ya uvutano wa dunia kwa tufe la chuma linaloning'inia uzini, akapata tarakimu isiyolingana na ya kitabu, huambiwa amekosea, naye aghalabu hurudi mezani akaisahihisha tarakimu badala ya kukisahihisha kipimo. Utafiti, kinyume cha hayo, huanzia pale ambapo jibu halimo katika kitabu chochote na mwalimu mwenyewe halijui. Kumkaribisha kijana mahali hapo si uzushi wa siku hizi. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1810 kwa fikira za Wilhelm von Humboldt, kilisimamishwa juu ya rai kwamba mwalimu na mwanafunzi wote wawili wapo chuoni kwa ajili ya kuitafuta elimu, si mmoja kuimimina na mwingine kuikinga. Na huko Marekani chuo cha MIT kiliweka mwaka 1969, kwa juhudi za Margaret MacVicar, utaratibu wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuingia katika maabara ya profesa akiwa mshiriki wa kazi, kwa malipo au kwa maksi, utaratibu ambao vyuo vingi vimeufuata tangu hapo.

Katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki mlango rasmi ni mradi wa mwaka wa mwisho, pamoja na yale mafunzo ya vitendo ya likizo ndefu ambayo wanafunzi huyaita fildi. Mlango huo ni mzuri, walakini humfikia mwanafunzi akiwa amekwisha chelewa, kwa kuwa muhula mmoja haumtoshi mtu kujifunza chombo, kukosea, kurudia na kupata matokeo. Mwenye raghba ya utafiti hana budi kubisha hodi mapema zaidi, katika mwaka wa pili hivi. Na hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi hulijibu vibaya: abishe hodi akiwa na nini mkononi?

Nitaeleza kisa kimoja kwa kituo, kwa sababu kinajibu swali hili kuliko mawaidha yoyote. Mwishoni mwa mwaka 1920 tabibu wa upasuaji aitwaye Frederick Banting alimwendea J. J. R. Macleod, profesa wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, akiwa na fikira ya kutoa katika kongosho la mbwa ile dawa iliyotafutwa na wengi pasipo mafanikio, dawa ya kisukari, maradhi ambayo zama hizo yalikuwa hukumu ya mauti kwa mtoto aliyepatikana nayo. Macleod hakuridhika sana na hoja zake, lakini alimpa chumba, mbwa wachache na msaidizi mmoja kwa muda wa kiangazi cha mwaka 1921. Msaidizi huyo angechaguliwa kati ya vijana wawili, Charles Best na Clark Noble, waliokuwa ndio kwanza wanamaliza shahada yao ya kwanza. Nao wakarusha sarafu kuamua nani atangulie, Best akapata. Watu hukumbuka sarafu, nami naona sarafu ndiyo sehemu isiyo na maana katika kisa hiki. Lenye maana ni kwamba vijana wale walikuwa na ujuzi mmoja mdogo ambao Banting hakuwa nao, yaani kupima kiasi cha sukari katika damu na mkojo kwa usahihi, na pasipo kipimo hicho hapakuwa na njia ya kujua kama dawa inafaa au haifai. Best hakuingia maabarani kwa sababu ya ndoto kubwa. Aliingia kwa sababu ya kipimo.

Wala hakuingia akiwa amekamilika. Banting mwenyewe alisimulia kwamba katika majuma ya mwanzo alivikuta vyombo vya kioo vichafu na maji ya kemikali yasiyoaminika, akamkaripia kijana na kumwamuru amwage kila kitu aanze upya. Na kwamba Best, baada ya hasira kumpanda na kumshuka, alifanya kazi hiyo usiku, na asubuhi vyombo viling'aa. Tangu hapo tarakimu za Best zikawa tarakimu za kutegemewa. Tarehe 30 Julai mbwa aliyeondolewa kongosho alipigwa sindano ya dawa yao na sukari ya damu yake ikashuka. Na Januari 1922, baada ya mwanakemia James Collip kuisafisha dawa hiyo, kijana mmoja, Leonard Thompson, akawa wa kwanza miongoni mwa binadamu kunusurika kwa insulini. Mimi sioni kwamba mwanafunzi ataahidiwa insulini. Lakini naona kwamba kati ya chombo kisichooshwa na ugunduzi ule palikuwa na njia moja iliyonyooka, na aliyeiona njia hiyo ni yule tu aliyekubali kushika dodoki.

Kwa hiyo mwanafunzi anayemwandikia mhadhiri barua ya kurasa mbili akieleza mapenzi yake kwa sayansi tangu utotoni, na kuomba apewe nafasi ya kufanya utafiti wa saratani, amempa mhadhiri mzigo. Na yule anayeandika mistari sita kwamba amesoma makala yake fulani, kwamba kuna mchoro mmoja ambao hakuuelewa, kwamba anajua kutumia hadubini na kupanga takwimu kwenye kompyuta, na kwamba yu huru alasiri mbili kila juma, amempa msaada. Tofauti hiyo mhadhiri huiona mara moja. Kazi zipo tele kwa mtu wa namna hiyo. Utafiti wa mwani, ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa watangulizi wake nchini Tanzania, na ambao unaendelea katika Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, huhitaji watu wa kupima uzito wa mche juma baada ya juma, joto la maji na kiasi cha chumvi, maji yakijaa na yakitoka. Utafiti wa mbu huko Ifakara huhitaji watu wa kuhesabu na kubagua waliokamatwa mtegoni. Na hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya idara ya botania huhitaji jicho lisilochoka. Hizi ni kazi za kuchosha, nami sitazipamba. Ila hapana mwanasayansi ninayemjua aliyezikwepa.

Na hapa niseme neno kuhusu mafundi wa maabara, watu ambao wanafunzi huwapita bila salamu wakimkimbilia profesa. Fundi ndiye ajuaye mashine ipi husema uongo wakati wa jua kali, umeme ukikatika sampuli zihamishiwe wapi, na chupa ipi imepitwa na wakati. Mwanafunzi aliyekosa jibu la barua yake na aanzie kwake, kwa adabu zote.

Kuna fundi mmoja asiyetajwa jina ambaye ameacha mzaha mkubwa katika historia ya sayansi yetu. Erasto Mpemba, alipokuwa mwanafunzi wa sekondari katika nchi ya Tanganyika, mwaka 1963, aliona kuwa maziwa ya aiskrimu aliyoyatia jokofuni yakingali moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Na alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza jambo hilo mgeni wao, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, huku wenziwe wakimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akamwomba fundi ajaribu, na fundi akaleta habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja mwaka 1969, na wanafizikia wamekuwa wakibishana hata leo: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba katika vipimo vyao hawakuiona dalili ya kutosha ya jambo hilo, na wengine wakajibu kwa majaribio yao. Mzaha wa yule fundi ndio mtihani halisi wa mwanafunzi. Siku tarakimu itakapopingana na matarajio ya msimamizi, je, ataiandika daftarini kama ilivyo, kwa wino, na tarehe yake? Daftari la maabara halifutwi. Kosa hupigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka.

Jambo jingine ni la kibali: utafiti unaohusu watu, damu yao au habari za maradhi yao hauanzi mpaka kibali cha maadili kitoke, hata kama mwanafunzi anahoji jirani zake tu, na kibali huchukua muda. Basi mwenye likizo fupi na achague mimea, udongo au maji.

Lililobaki ni la jina. Mwanafunzi na aulize mapema, bila haya wala ghururi, ni kazi ya kiasi gani itakayomfanya aandikwe miongoni mwa waandishi wa makala, kwa kuwa swali hilo likiulizwa mwishoni huwa ugomvi. Makala ya kwanza ya Toronto, ya Februari 1922, ilibeba majina mawili, Banting na Best. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 walipewa Banting na Macleod, naye Banting akamgawia Best nusu ya fedha zake. Clark Noble, aliyeshindwa kwa sarafu, aliajiriwa baadaye katika kazi ileile, na jina lake limo katika makala ya mwaka 1922 juu ya sungura waliopimiwa nguvu ya insulini.