Chuma Kinapogongwa Mikumi

Kama kwenu ni Iringa, Mbeya au Songea, kipande cha Mikumi unakijua. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na njiani kuna mabango ya wanyama, matuta na faini kwa atakayegonga mnyama. Abiria wengi huamka hapo waone twiga. Mimi siku hizi naangalia boneti za magari tunayopishana nayo.

Gari likigonga nyati usiku, lile bati na ile chesisi zinafanya nini? Majibu tuliyozoea yanatoka kwenye mashine ya kuvuta. Unabana kipande cha chuma, kinavutwa taratibu kwa dakika kadhaa, mchoro unatoka, unaandika ripoti, mambo yamekwisha. Lakini ajali haina dakika kadhaa. Gari la kilomita 80 kwa saa likisimamishwa kwa kubonyea nusu mita, shughuli nzima inaisha chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde.

Na chuma kikiharakishwa hubadilika tabia. Chuma cha kawaida kikipigwa kwa kasi kubwa sana, nguvu ya kukifanya kipinde kisirudi tena inaweza kukaribia mara mbili ya ile ya maabara. Sababu iko ndani kabisa. Chuma hupinda kwa sababu safu za atomi huteleza kupitia kasoro ndogo za mpangilio, na mtikisiko wa joto huzisaidia kasoro hizo kuruka vizuizi. Ukizipa muda zinaruka zenyewe. Ukizikurupusha, lazima ulipie kwa nguvu. Aluminiamu haijali sana haraka kama chuma, kwa hiyo huwezi kubadilisha kimoja kwa kingine ukitegemea namba za mashine ya taratibu.

Sasa utapimaje kitu kinachoisha kabla hujapepesa jicho? Mwaka 1872 John Hopkinson, Mwingereza, aliangusha vyuma vizito kwenye nyaya na kugundua kwamba kukatika kwa waya kulitegemea zaidi kimo cha kuangushia, yaani kasi, kuliko uzito wenyewe. Mwanawe Bertram akaja na nondo ya kupimia mapigo mwaka 1914, na mwaka 1949 Herbert Kolsky akaikata nondo hiyo vipande viwili. Wazo lake ni rahisi hadi linaudhi: sampuli ndogo inawekwa katikati ya nondo mbili ndefu, halafu nondo fupi inafyatuliwa kwa gesi na kugonga ya kwanza. Wimbi linasafiri ndani ya chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde. Nondo fupi ya sentimita 30 inatoa pigo la kama sekunde 120 kati ya milioni moja, basi. Vipimio vilivyogandishwa juu ya nondo vinasoma wimbi lililokwenda, lililorudi na lililopenya, na humo unapata jinsi sampuli ilivyobonyea na kwa nguvu gani.

Kuna jambo jingine. Sehemu kubwa ya kazi ya kukikunja chuma hugeuka joto, na kwenye pigo la haraka joto halipati muda wa kutoka. Chuma kinakuwa kigumu kwa kasi huku kikilainishwa na joto lake chenyewe.

Mafundi bodi wetu wanapokea chuma kilichopitia hayo yote. Nawaheshimu sana, wengi wana jicho kuliko sisi wenye kalkuleta. Ila chuma kilichokunjika kimeshatumia sehemu ya uwezo wake wa kuvutika. Na vile vyuma vya nguvu vya magari mapya, ukivipasha gesi mpaka viwe vyekundu, ugumu wake unapotea hata kama rangi mpya inang'aa. Basi linarudi barabarani likiwa zuri kwa macho, na ajali ya pili inakikuta chuma tofauti.

Wilaya hiyohiyo ya Kilosa sasa inapitiwa na SGR, iliyosanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Kwa uzito uleule, hiyo ni nishati mara nne ya mwendo wa 80. Hesabu hiyo ndiyo inayoyatetea matuta ya Mikumi: ukishuka kutoka 80 hadi 50, zaidi ya nusu ya nishati imeondoka kabla hujakutana na nyati. Konda wetu safari iliyopita aliyaita usumbufu wa bure.