Klachi Ikisumbua: Yafaayo Kujulikana Kabla Giaboksi Haijashushwa

Miongoni mwa malalamiko ya matengenezo ya magari yanayotufikia, yapo yanayofanana sana. Mwenye gari la zamani la gia za mkono ameambiwa klachi imekwisha. Amelipia seti nzima pamoja na ufundi wa kushusha giaboksi. Na baada ya siku chache gia zinakataa kuingia kama zilivyokataa mwanzo. Mara nyingine kilichohitajika kilikuwa mipira midogo ya silinda na chupa moja ya mafuta ya breki. Hatusemi kwamba kila fundi aliyekosea alikusudia kudanganya. Kupima klachi kabla ya kuifungua kunataka subira, na subira hiyo mteja ana haki ya kuidai.

Klachi ina kazi mbili zinazopingana. Kanyagio likiwa juu, sharti ishike: pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti, na nguvu ya injini hupita hadi kwenye giaboksi. Kanyagio likikanyagwa, sharti iachie, ili gia ibadilishwe. Kwa hiyo kuna klachi isiyoshika na klachi isiyoachia, na tofauti hii ndiyo yenye fedha ndani yake. Isiyoshika kwa kawaida imechakaa kweli, na dawa yake iko mahali pasipofikika ila kwa kushusha giaboksi. Isiyoachia aghalabu ina ubovu ulio nje, katika kebo au katika njia ya mafuta, ambako fundi hufika kwa spana chache.

Klachi isiyoshika hujitangaza mlimani au gari likiwa na mzigo: injini inapandisha mngurumo lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua husikika. Ili kuhakikisha, simamisha gari mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, kisha achia kanyagio taratibu huku ukitia moto kidogo. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama, klachi inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, maana kila mara huichoma pleti.

Hata hapo, usikubali kushusha giaboksi kabla ya kukagua nafasi ya kanyagio, yaani ule mwendo mfupi ambao kanyagio hushuka kabla mguu haujahisi uzito. Katika magari yanayotumia kebo, kama Suzuki Carry zinazojulikana mitaani kwa jina la Kirikuu, nafasi hiyo hupungua kadiri pleti inavyokonda. Ikiisha kabisa, klachi huwa kama inayokanyagwa mchana kutwa, nayo huteleza ingawa pleti bado ina uhai. Kurekebisha nati ya kebo ni kazi ya dakika chache. Sababu nyingine ni oili inayovuja kutoka sili ya nyuma ya injini na kuilowesha pleti. Mwenye gari akinunua pleti mpya bila kubadilisha sili hiyo, atainunua tena.

Klachi isiyoachia hutambulika kwa gia zinazokwaruza, hasa ya kurudi nyuma, au kwa gari linalosogea polepole hali kanyagio limefika chini. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inawaka, klachi haiachii. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, tazama kwanza vyuma vinavyounganisha mkono wa gia, kisha giaboksi yenyewe. Klachi mpya haitakusaidia.

Magari mengi, zikiwamo Toyota Hilux nyingi, huendesha klachi kwa mafuta. Yapo yenye kikopo chake pekee, na yapo yanayochota katika kikopo kimoja na breki. Mafuta hayo ni ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko. Oili ya injini isitiwe humo kamwe, kwani huvimbisha mipira yote. Kanyaga kanyagio mara nne au tano mfululizo: gia ikikubali kuingia baada ya hapo, upepo umeingia katika mfumo, au mipira ya silinda imechoka. Chunguza unyevu sehemu mbili, ndani ya gari juu ya kanyagio iliko masta, na ubavuni mwa giaboksi iliko silinda ya chini. Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Iwapo kikopo ni cha pamoja na mafuta yanapungua, gari lisiendeshwe mpaka mvujo upatikane.

Tumesema aghalabu, hatukusema daima. Vidole vya presha pleti huweza kuvunjika, na pleti ya gari lililoegeshwa muda mrefu huweza kuganda kwenye flaiwili kwa kutu. Hapo giaboksi itashuka. Mlio unaoanza mguu unapokanyaga klachi huelekeza kwenye beringi ya klachi. Mlio unaotoweka mguu unapokanyaga, gari likiwa gia huru, huelekeza kwenye beringi ya giaboksi.

Kabla ya kazi, mwambie fundi aandike dalili, majaribio aliyofanya, bei ya vipuri na bei ya ufundi, kila moja mbali. Giaboksi ikishashuka, beringi ya klachi ibadilishwe hata kama haipigi kelele, na uso wa flaiwili utazamwe, kwa kuwa kuishusha tena kutagharimu ufundi uleule. Dai kuoneshwa pleti ya zamani: ikiwa vichwa vya ripiti vimekaribia kulingana na uso wake, imekwisha, ikiwa bado vimezama ndani na pleti ni kavu, uliza kwa nini ilitolewa. Vumbi lake lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani pleti za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu.

Gari lirudiwe kwa majaribio yaleyale ya kwanza, fundi akiwa pembeni na kabla ya malipo ya mwisho. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na kutoza bei ya kipuri kisichobadilishwa hakuko mbali na hapo. Atakayeleta lalamiko aje na maandishi ya makubaliano, risiti, na kipuri cha zamani ndani ya mfuko. Kipuri hicho ni mali ya mwenye gari. Gereji zilizozoea kubaki nacho zielezwe hivyo mapema, wakati gari linapoachwa.