Mtaji Ulio Ndani ya Chungu

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea magharibi kwa Ngong Road au Waiyaki Way, vitalu vya miche vimejipanga kando ya barabara. Mnunuzi hushusha kioo cha gari, huuliza bei, hulipa kwa M-Pesa na kwenda zake. Asichokiona kiko nyuma, chini ya neti nyeusi: vyungu vikubwa vichache vya mimea isiyouzwa. Hiyo ndiyo mimea mama. Miche mingi ya boganvilia, duranta na jeranium iliyopangwa mbele huanza kama kijiti kilichokatwa kwenye mmea mama. Mama akichoka, kitalu kizima huchoka.

Wateja hawajakosekana. Kilimani, Kileleshwa na Lavington, nyumba nyingi za zamani zenye ua mpana zimebomolewa zikajengwa ghorofa, na bustani ikahamia roshani. Wakandarasi wa bustani nao wanahitaji mimea ya kupamba milango ya ofisi na hoteli za mjini. Kwa mwenye kitalu, njia ya haraka na rahisi ya kupata miche inayofanana ni vipandikizi.

Lakini wengi wa wafanyabiashara hawa wamekaa kwenye hifadhi ya barabara, ardhi isiyo yao. Barabara ikipanuliwa, hufunganya. Barabara ya mwendo kasi ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa magari mwaka 2022, ilibadilisha kabisa kingo za Waiyaki Way. Mtu asiye na uhakika wa mahali atakapokuwa mwaka ujao hapandi mmea mama ardhini. Anaupanda kwenye chungu, ili siku ya kuhama auinue.

Chungu nacho kina gharama yake. Ardhini mzizi husafiri. Chunguni hugonga ukuta, hugeuka, huzunguka, hatimaye hujisokota kama kamba. Udongo unapungua, mizizi inajaa, maji yanapita pembeni bila kunyonywa. Ncha changa za mizizi ndizo zinazonyonya maji na chakula kwa wingi, na ndizo zinazotengeneza homoni inayoamsha machipukizi. Zikikosa nafasi, matawi hutoka membamba na magumu, yenye majani madogo. Kipandikizi cha tawi kama hilo huoza au hukauka kabla ya kutoa mzizi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa yake, kukata mizizi ili itoe ncha changa, si kitu kigeni kwa wenye vitalu. Miche ya miti iliyo kwenye vifuko hukatwa mizizi kila inapotoboa na kuingia ardhini, mara nyingi kwa waya unaopitishwa chini ya tuta. Anayeufanyia hivyo mche wa kuuza wiki ijayo humwacha mama miaka minne bila kumgusa, kwa kuwa mama hauzwi. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Mwagilia chungu siku moja kabla. Toa mmea, kisha kwa kisu kikali kilichosafishwa kwa spiriti au Jik, punguza mizizi ya nje na ya chini, robo hivi, na kwa mimea migumu kama fikasi hata theluthi. Mizizi myeusi iliyooza iondoe yote. Punguza na matawi kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu mizizi iliyopungua haiwezi kunywesha majani yote. Rudisha mmea kwenye udongo mpya wa msitu au udongo mwekundu, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri na mchanga au pumisi. Uweke kivulini wiki mbili au tatu. Usikate vipandikizi mpaka machipukizi mapya yakomae kiasi.

Si kila mmea unavumilia sawa. Boganvilia ina mizizi laini inayokatika ovyo, hivyo iguse kidogo tu. Rosmeri iliyozeeka ni afadhali uibadilishe kwa mama mpya aliyetokana na kipandikizi bora.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama 20, kila mmoja akitoa vijiti 30 kwa msimu, ni vijiti 600. Vikishika nane kwa kumi, unapata miche 480. Mama wakiwa wamechoka na vikashika vitano kwa kumi, unapata 300. Mche ukiuzwa Sh100, pengo ni Sh18,000 kwa msimu mmoja. Kuliziba kunahitaji siku chache za kazi na magunia kadhaa ya udongo na samadi.

Kalenda ni muhimu vilevile. Wateja hujaa mvua inaponyesha, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Nusu ya mama wapogolewe mizizi mwanzoni mwa mvua za vuli, vijiti vikatwe Januari, miche iuzwe masika. Nusu nyingine ishughulikiwe masika kwa ajili ya mauzo ya vuli. Julai, baridi ya Nairobi inapopunguza ukuaji, kisu kipumzike. Kwa mpangilio huu kitalu hakikosi mama wa kukatwa.

Afya ya mama ina uzito hata nje ya mipaka. Mwaka 2003 ugonjwa wa bakteria unaonyausha mimea uliingia Marekani kupitia vipandikizi vya jeranium kutoka Kenya, na mimea mingi ikateketezwa. Leo KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea lenye makao makuu Karen, hukagua mimea inayosafirishwa nje. Mwenye kitalu cha barabarani anaweza kujikagua mwenyewe: kila anapomtoa mama chunguni, anaona vinundu vya minyoo fundo na uozo ambao juu ya udongo hauonekani.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika ubavuni mwa kila chungu tarehe ya kupogoa, na daftarini idadi ya vijiti vilivyoshika. Siku amri ya kuhama itakapofika, meza na neti zinaweza kubaki. Vyungu vya mama wenye mizizi hai ndivyo vitakavyotangulia kwenye mkokoteni, na biashara itaanza upya kwa vijiti vitakavyokatwa kwao.