Arosto huisha, hamu ya unga hubaki

Jamaa wengi wa Mombasa na Malindi hudhani kuwa kijana anayetumia heroini, au unga kama uitwavyo mitaani, akifungiwa chumbani juma moja huwa amepona. Sivyo.

Kinachoonekana chumbani humo ni arosto. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya mtu kutumia mara ya mwisho. Machozi na kamasi hutiririka, miayo haikomi, mifupa huuma, malaika husimama, tumbo husokota na kuhara. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Kufikia siku ya 10 hivi, mateso mengi huwa yamepungua. Ni nadra arosto yenyewe kuua, ila mgonjwa anayetapika na kuhara apewe maji kwa wingi.

Arosto ndiyo hugeuza mwendo wa ugonjwa huu. Mwanzoni mtu hutafuta raha. Baadaye hutumia asubuhi ili tu aweze kusimama. Mwizi wa sufuria za mama yake mara nyingi hafuati starehe, anakimbia maumivu.

Hamu ni jambo jingine. Hukaa miezi, hata miaka, kwa sababu ubongo umejifunza kuunganisha unga na mahali, watu na saa fulani. Mtu aliyeacha akipita maskani ya zamani, akishika pesa au akigombana nyumbani, hamu hupanda ghafla, kisha hushuka.

Hapo ndipo penye hatari ambayo jamaa hawaambiwi. Aliyekaa siku kadhaa bila unga, nyumbani au gerezani, mwili wake hauwezi tena kuhimili kiasi alichozoea. Akikirudia kilekile, pumzi inaweza kukatika. Ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Kuna dawa iitwayo naloksoni ya kuzindua pumzi.

Tangu Desemba 2014 methadoni imekuwa ikitolewa Mathari, Nairobi, na baadaye Pwani. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, huzuia arosto na kupunguza hamu. Wapo wanaolalamika kuwa ni kubadilisha dawa kwa dawa. Mimi sioni hivyo: anayeinywa asubuhi anaweza kwenda kazini mchana. Kuiacha pia hakufanywi ghafla. Daktari huipunguza kidogo kidogo, na kwa wengine huchukua miaka.