Mchore popo wa Pemba, ndipo utamjua

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuchukue penseli na raba. Mwambie mtoto yeyote wa shule achore popo uone atakacholeta: panya mwenye mwavuli mgongoni, meno yanachuruzika damu! Huyo ni popo wa sinema. Wa kweli tunaye hapa hapa Tanzania, kisiwani Pemba, na hakuna nchi wala kisiwa kingine anakoishi porini. Basi tumchore huyo.

Anza na mwili, umbo la yai, kichwa kikiwa chini maana mchana analala ananing'inia. Uso usiwe wa panya. Chora uso wa mbwa mdogo: pua ndefu, masikio mafupi, macho makubwa. Macho hayo yana kazi. Wale popo wadogo wa darini wanaokula wadudu hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake, ndivyo wanavyomnasa mbu gizani. Wa Pemba hana mambo hayo, yeye anatafuta embe na shelisheli kwa macho na pua. Kwa hiyo habari ya popo kipofu, ifute.

Sasa bawa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Weka kiganja chako mezani utanue vidole. Bawa la popo ndio huo huo mkono: bega, kiwiko, kifundo, halafu vidole vitano. Dole gumba ni fupi, liko huru na lina ukucha wa kupandia mti. Kidole cha kati ni kirefu kuliko vyote, kinafika ncha ya bawa. Kidole cha mwisho kinashuka chini, ndicho kinacholipa bawa upana. Ukishapata mifupa, ndipo utandaze ngozi kati ya vidole mpaka mguuni. Bawa kwa bawa anafika kama mita 1.6, kimo cha mtu mzima!

Wazee walisema popo si ndege si mnyama. Penseli imeshajibu: ni mnyama. Mwili una manyoya kama ya paka, bawa ni ngozi tupu, na anazaa na kunyonyesha. Kati ya wanyama wote wanaonyonyesha, ni popo peke yao wanaoruka kweli kweli.

Magoti yaelekeze nyuma, ndivyo yalivyo. Akijitundika, uzito wake wenyewe unakaza kano za vidole vya miguu, hivyo analala bila kuchoka. Mkia usiweke, hana. Mwili upake kahawia inayoelekea kwenye rangi ya chungwa, mabawa na pua viwe vyeusi.

Mwisho chora mtoto kifuani kwa mama. Mmoja tu, bana, usiongeze! Kwa kawaida huzaa mmoja kwa mwaka, na hapo ndipo penye uzito. Kuku ukichinja kumi, baada ya miezi michache banda limejaa tena. Popo hawarudi hivyo. Pemba waliwindwa kwa kitoweo, bunduki zikaingia, na misitu ilishakatwa kupisha mikarafuu na mashamba. Mwaka 1989 watafiti waliona wachache wa kuhesabika. Mwaka 1996 wakaorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Waliokolewaje? Idara ya misitu ya Zanzibar ilishirikiana na shirika la Fauna & Flora International, lakini kazi ya kila siku ilikuwa ya wanakijiji. Pale Kidike waliunda kikundi, wakalinda miti wanayolala popo, na wageni wakawa wanalipa kiingilio kuja kuwatazama. Kufikia miaka ya 2000 hesabu ilikaribia 20,000, na mwaka 2008 wakashushwa daraja la hatari. Hiyo haina maana mambo yamekwisha. Kisiwa ni kimoja, miti ya kulala michache, na mtoto ni yule yule mmoja.

Kwa nini basi tuhangaike na michoro? Mwaka 1995 uvumi wa popobawa uliikumba Pemba, ukavuka Unguja mpaka Dar. Popo hakuwa na kosa, ila jina limemganda. Mtoto akikua na picha ya zimwi kichwani, mti wa popo ukikatwa ataona sawa tu. Aliyewahi kuhesabu vidole vya bawa na kumchora mama na mwanawe, huyo ataulizia.

Ukienda kuwachora nenda mchana, kaa mbali, usiwarushie kitu wala kuwashtua. Na usimshike popo hata akiwa chini anaonekana mgonjwa, maana wanaweza kubeba maradhi.

Wadau wa Wete, Chake na Mkoani, kwenu bado wanalala wangapi, na kwenye miti gani? Walimu wa sanaa nanyi mnafundishaje? Uwanja ni wenu, tupeni data.